Siku Ishirini na Moja Kabla ya Mtihani wa Kemia

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, wazazi na walezi wao



Kila ifikapo mwezi Oktoba, swali moja huzunguka katika nyumba nyingi zenye kijana anayerudia mtihani: je, muda uliobaki unatosha? Mtihani wa kumaliza kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba. Mtahiniwa wa kujitegemea alijisajili mwanzoni mwa mwaka akiwa na nia njema na daftari jipya. Kisha ukaja msimu wa kulima, ukaja msiba wa shangazi, zikaja siku za kusaidia dukani, na daftari likabaki na kurasa tatu zilizoandikwa. Sasa zimebaki wiki tatu. Mazungumzo haya yanamhusu kijana huyo, na yanahusu somo moja tu, Kemia, kwa sababu somo hilo limekuwa mlango ambao wengi wanaotaka kusomea afya hukwama mbele yake.

Ni vema mlango huo uelezwe kwa usahihi. Anayetaka kujiunga na stashahada ya utabibu, uuguzi au maabara katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET hutakiwa kuwa na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kwa famasia, Kemia na Baiolojia ndizo nguzo. Ufaulu maana yake ni daraja D au zaidi, na kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania daraja D huanzia alama 30, C huanzia 45, B 65 na A 75. Mwenye alama 29 ana F. Tofauti ya alama moja hiyo ndiyo hutenganisha fomu ya kujiunga na chuo na mwaka mwingine wa kukaa nyumbani.

Na achukuliwe mtahiniwa mmoja wa mfano, ambaye hana budi kufanana na wengi. Ni binti wa miaka ishirini. Katika mtihani wake wa kwanza alipata C ya Baiolojia, D ya Fizikia, D za Kiswahili na Jiografia, na F ya Kemia. Anataka kuwa muuguzi. Huamka saa kumi alfajiri kumsaidia mama yake kuchoma vitumbua na kukaanga chapati katika kibanda cha kando ya barabara, na hawezi kuacha, maana kodi ya chumba hutoka humo. Muda wake wa kusoma ni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, na tena saa mbili hadi saa nne usiku. Jumla ni saa tano kwa siku, siku ishirini na moja. Ni zaidi ya saa mia moja. Mwenye kuzidharau hajawahi kuzihesabu.

Kosa la kwanza ambalo binti huyu angeweza kulifanya, na ambalo wengi hulifanya, ni kufungua kitabu cha kidato cha kwanza ukurasa wa kwanza na kuanza upya: maana ya Kemia, kanuni za usalama maabara, vifaa na matumizi yake. Mada hizo ni nyepesi na humpa msomaji faraja ya kusonga mbele. Siku ya kumi humkuta bado yuko kwenye hewa na mwako, na siku ya ishirini kwenye muundo wa atomu. Moli hajaiona, elektrolisisi hajaigusa. Amesoma sana na hajajiandaa.

Siku ya kwanza si ya kusoma, ni ya kupima. Mtahiniwa achukue karatasi ya mtihani ya mwaka mmoja uliopita, aketi mahali patulivu kwa saa tatu kamili bila kitabu na bila simu, aijibu yote, kisha aisahihishe kwa msaada wa kitabu au wa mtu anayeijua Kemia. Zoezi hili linaumiza. Wengi hulikwepa kwa kusema kwamba bado hawajasoma vya kutosha kujipima. Lakini mgonjwa hapewi dozi kabla ya vipimo, na binti anayetaka kuwa muuguzi hana haja ya kuelezwa hilo mara mbili.

Karatasi ya nadharia katika miaka ya karibuni imekuwa na maswali kumi na moja katika sehemu tatu. Sehemu A ina alama 16, za kuchagua jibu na kuoanisha. Sehemu B ina alama 54, na maswali yake sita yote ni ya lazima. Sehemu C ina alama 30, ambapo mtahiniwa huchagua maswali mawili kati ya matatu, kila moja likiwa na alama 15. Tuseme binti wa mfano alipata 9 katika sehemu A, 11 katika sehemu B, na 2 katika sehemu C. Jumla ni 22. Karatasi ya vitendo ina hesabu yake, lakini kwa nadharia peke yake anapungukiwa alama nane kufika D. Zaidi ya jumla, hesabu hiyo inamwonesha mahali zilipopotea: sehemu B imemnyima alama 43. Anayeijua namba hiyo hawezi tena kutumia jioni nzima kusoma historia ya sayansi.

Hapa ndipo panapotakiwa uamuzi mchungu. Silabasi ambayo kizazi hiki cha watahiniwa kilifundishwa ni ndefu: kuna maji na nishati, jedwali la elementi, milinganyo, ugumu wa maji, asidi, besi na chumvi, moli, titresheni, elektrolisisi, kasi ya mmenyuko, uchimbuaji wa metali, simetali, kemia ogania, udongo na uchafuzi wa mazingira. Kwa saa mia moja, kuyasoma yote kwa usawa ni kuyaacha yote nusu. Baadhi ya walimu hawapendi kusikia mtahiniwa akishauriwa kuacha mada, na hoja yao ni nzito, kwani mtihani haumwahidi mtu swali. Hata hivyo, kwa aliyebakiwa na wiki tatu, kuacha ni jambo litakalotokea kwa vyovyote. Lililo mikononi mwake ni kuchagua aache nini, badala ya kuiacha kalenda imchagulie.

Mada ya kutoachwa ni moli. Sababu yake ni kwamba moli haikai peke yake: huingia katika titresheni, katika elektrolisisi, katika ujazo wa gesi, na hata katika karatasi ya vitendo. Anayeielewa amefungua milango mitatu kwa ufunguo mmoja, na anayeikimbia hukutana nayo kila anakokimbilia.

Chukua swali la kawaida. Gramu 5.3 za kaboneti ya sodiamu zimeyeyushwa katika maji kufanya myeyusho wa sentimita za ujazo 500. Sentimita za ujazo 25 za myeyusho huo zimehitaji sentimita za ujazo 20 za asidi ya hidrokloriki ili kukamilisha mmenyuko. Ukolezi wa asidi ni kiasi gani? Wengi huliona swali hili na kugeuza ukurasa. Lakini lina hatua chache tu, na kila hatua ina alama yake. Kaboneti ya sodiamu ina sodiamu mbili, kaboni moja na oksijeni tatu. Mara mbili 23 ni 46, kuongeza 12, kuongeza mara tatu 16 ambayo ni 48, jumla 106. Gramu 5.3 zikigawanywa kwa 106 ni moli 0.05. Moli hizo zimo katika nusu lita, hivyo ukolezi ni moli 0.1 kwa lita. Katika sentimita za ujazo 25 mna moli 0.0025.

Hapa ndipo wengi huanguka. Mlinganyo unaonesha kwamba kila moli moja ya kaboneti hutaka moli mbili za asidi. Kwa hiyo moli za asidi ni 0.005, na zikigawanywa kwa lita 0.02 ukolezi ni moli 0.25 kwa lita. Aliyesahau uwiano huo wa moja kwa mbili atapata 0.125. Jibu lake linaonekana safi kabisa, lina desimali zake, naye hutoka chumba cha mtihani akitabasamu. Ndiyo maana kuandika mlinganyo uliosawazishwa kabla ya hesabu yoyote ni sharti. Tena, aliyeandika hatua zake zote na kukosea ya mwisho bado ana alama za hatua zilizotangulia, ilhali aliyeandika jibu peke yake na likawa si sahihi hana kitu.

Katika elektrolisisi hali ni hiyo hiyo. Mkondo wa ampea 2 umepita katika myeyusho wa salfeti ya shaba kwa dakika 16 na sekunde 5. Shaba kiasi gani imekaa katika kathodi? Dakika zigeuzwe kwanza kuwa sekunde, zipatikane 965. Mara ampea 2 ni kulombi 1,930. Ayoni ya shaba huhitaji elektroni mbili, hivyo moli moja huhitaji mara mbili 96,500, yaani kulombi 193,000. Kwa hiyo imekaa moli 0.01, sawa na gramu 0.64. Makosa ya hapa ni mawili na hujirudia kila mwaka: kuziacha dakika bila kuzigeuza, na kusahau ile mbili ya elektroni. Mtahiniwa anayeandika makosa yake mawili juu ya kila ukurasa wa mazoezi, kwa wino mwekundu, huacha kuyafanya ndani ya siku tatu au nne.

Jambo moja la kupunguza mzigo: masi za atomu zinazohitajika, pamoja na ile 96,500 na ujazo wa gesi wa lita 22.4, kwa kawaida huchapwa kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi. Kuna vijana hutumia jioni mbili kuzikariri. Jioni hizo zingetosha kufanya maswali ishirini.

Wiki ya kwanza, basi, iende kwa moli, titresheni na elektrolisisi, kila siku maswali matano au sita yaliyofanywa hadi mwisho kwa kalamu. Kusoma jibu lililokwishafanywa kitabuni na kutikisa kichwa si kufanya swali.

Wiki ya pili ni ya mambo yanayotaka kumbukumbu zaidi ya hesabu, na humo mna alama nyingi za bei nafuu. Rangi za mwale: sodiamu manjano ya dhahabu, kalsiamu nyekundu ya tofali, potasiamu zambarau hafifu, shaba kijani chenye ubuluu. Mashapo: hidroksidi ya sodiamu ikitiwa katika myeyusho wenye ayoni za shaba hutoa mashapo ya buluu; chuma cha valensi mbili hutoa kijani kichafu na cha valensi tatu hutoa hudhurungi nyekundu. Zinki, risasi na aluminiamu zote hutoa mashapo meupe yanayoyeyuka hidroksidi ikizidishwa, lakini kwa amonia iliyozidishwa ni ya zinki peke yake yanayoyeyuka. Mtahini anaipenda tofauti hiyo ya mwisho. Aidha ziingie humo namna za kutambua gesi, viashiria na mahali pake (methili ya chungwa kwa asidi kali na besi dhaifu, fenolftaleini kwa asidi dhaifu na besi kali), na ugumu wa maji, ambapo kuchemsha huondoa ule wa muda tu na si wa kudumu.

Mambo hayo hayakai kichwani kwa kusomwa mara kumi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio lililohusu wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu cha habari na kukirudia kukisoma. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka walikumbuka takriban asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Hii ina maana kwamba hisia ya kujua, ile anayoipata mtu akisoma ukurasa kwa mara ya nne na kuona kila kitu ni cha kawaida, ni shahidi asiyeaminika. Mtihani hauji baada ya dakika tano.

Njia rahisi ya kulitumia jambo hilo haina gharama. Majalada ya madaftari ya zamani hukatwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja huandikwa swali, wa pili jibu. Binti wa mfano ana kadi themanini katika kopo la maziwa, na kopo hukaa kibandani karibu na unga. Mama yake hakusoma Kemia. Hata hivyo anajua kusoma, na anaweza kushika kadi, kuuliza kilichoandikwa mbele na kutazama nyuma kama binti amesema sawa, huku chapati ikigeuzwa. Kadi iliyojibiwa vizuri hurudishwa kopo la pili ili iulizwe tena baada ya siku tatu. Iliyokosewa huulizwa tena kesho. Wateja huzoea. Kuna hata wanaongoja chai yao huku wakitaka kujua risasi imefanya nini. Hivyo saa za kibandani, ambazo zilikuwa hazihesabiki, huongezwa kwenye zile mia moja.

Wazazi na walezi wanaodhani hawana la kusaidia kwa kuwa hawakusoma sayansi na waliangalie jambo hilo. Msaada mwingine ni mgumu kidogo kuusema hadharani, lakini inafaa usemwe. Katika nyumba nyingi, kijana wa kiume anayejiandaa kwa mtihani huachiwa jioni yake, ilhali wa kike hutarajiwa kwanza achote maji, apike, aoshe vyombo na kumlaza mdogo wake, kisha ndipo afungue daftari, tena akisinzia. Si haki kumlaumu kwa matokeo. Wiki tatu si nyingi. Kaka anaweza kuosha sufuria kwa wiki tatu.

Lipo pia suala la lugha. Mtihani wa Kemia huandikwa kwa Kiingereza, na watahiniwa wengi huielewa Kemia kwa Kiswahili. Kuielewa kwa Kiswahili si dhambi, na ni heri kuliko kuikariri kwa lugha yoyote bila kuielewa. Ila kila jioni mtahiniwa aandike majibu mawili au matatu kwa lugha ya mtihani, kwa sentensi fupi, na ayazoee maneno ya amri ambayo hufungua maswali. Anayeambiwa ataje hahitajiki kueleza. Anayeambiwa atofautishe hawezi kupata alama kamili kwa kueleza upande mmoja tu. Anayeambiwa atoe sababu hana faida akirudia swali kwa maneno mengine. Baraza la Mitihani huchapisha katika tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambamo sampuli za majibu mazuri na mabaya huoneshwa swali kwa swali. Ni nyaraka zenye manufaa kuliko vitini vingi vinavyouzwa stendi. Vitabu vya kiada navyo hupatikana bila malipo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Asiye na simu inayofaa amwone Afisa Elimu wa Kata au mwalimu wa sayansi wa sekondari ya karibu; nakala moja iliyochapwa huweza kuzungushwa miongoni mwa watahiniwa watano.

Siku ya kumi na tano karatasi nyingine nzima ifanywe, kwa saa tatu, kama ile ya kwanza. Alama zikipanda kutoka 22 hadi 35, mtahiniwa ajue njia inafaa na aendelee. Zisipopanda, atazame ni wapi. Mara nyingi atakuta maarifa yapo na muda ndio uliopotea: ametumia dakika hamsini kwenye sehemu A, akifuta na kuandika, na swali la mwisho la sehemu C hakulifikia kabisa. Dakika 180 kwa alama 100 ni chini kidogo ya dakika mbili kwa alama. Sehemu A isizidi dakika 25.

Siku nne zinazofuata ziende kwa maswali marefu ya sehemu C. Hapo mtahiniwa hahitaji kujua mada zote. Achague nne: pengine uchimbuaji wa chuma katika tanuri, utengenezaji wa asidi ya salfuriki, uchafuzi wa mazingira, na rutuba ya udongo. Mbili za mwisho zina faida ya pekee kwa mkazi wa kijijini. Aliyeshika jembe anajua mbolea ya samadi inavyotofautiana na ya viwandani, na anajua shamba linavyochoka. Kinachobaki ni kujifunza majina ya virutubisho na sababu za kikemia. Kwa kila mada aandike mifupa ya jibu, utangulizi wa sentensi moja, hoja tano au sita zenye maelezo na mlinganyo pale unapohitajika. Kemia ogania, kwa aliyeiacha kabisa tangu darasani, isianzwe sasa kwa undani. Majina ya misombo kumi ya mwanzo na jaribio la maji ya bromini linalotofautisha ile yenye kifungo cha mara mbili na isiyo nacho vinatosha kwa maswali ya kuchagua.

Usingizi usiuzwe. Saa sita za binti wa kibandani tayari ni chache, na kuzipunguza ziwe nne ili kuongeza kurasa ni biashara ya hasara, kwani ubongo hupanga na kuimarisha yaliyojifunzwa wakati mtu amelala. Wale wanaokesha na ndoo ya maji baridi miguuni wanaweza kusifiwa kwa ujasiri, ila asubuhi huona karatasi mbili.

Kuna jambo lingine ambalo hujitokeza hasa katika wiki ya mwisho. Ujumbe huingia katika makundi ya simu: karatasi halisi ipo, imevuja, shilingi elfu kadhaa kwa namba hii. Kijana aliyebanwa na muda ndiye windo jepesi kuliko wote. Karibu kila mara karatasi hiyo ni ya kubuni, na pesa huondoka pamoja na jioni tatu zilizotumika kukariri majibu ya maswali ambayo hayatakuja. Na endapo ingekuwa kweli, anayekutwa na udanganyifu hufutiwa matokeo yote, na sheria inaweza kumfuata. Mzazi anayeombwa fedha ghafla siku chache kabla ya mtihani, bila maelezo yanayoeleweka, aulize ni za nini.

Kila mtahiniwa wa kujitegemea afike kituoni kwake mapema, angalau siku tatu kabla, athibitishe namba yake ya mtihani, ratiba, na utaratibu wa karatasi ya vitendo kama kituo chake kilivyopangiwa. Wapo waliowahi kufika shule isiyo yao asubuhi ya mtihani kwa sababu majina ya shule mbili yanafanana.

Siku ya ishirini ni ya kadi tu, na kopo lenye zile zilizokosewa mara nyingi. Siku ya ishirini na moja, mchana, kalamu mbili, penseli, rula, kikokotoo kinachoruhusiwa na hati za utambulisho viwekwe katika mfuko mmoja. Daftari lifungwe kabla ya jua kuzama. Kwa binti wa kibandani, hiyo ndiyo siku ya pekee ambayo mama yake atachoma vitumbua peke yake alfajiri inayofuata, na wamekwisha kukubaliana hivyo tangu siku ya kwanza.

Katika chumba cha mtihani, dakika tano za mwanzo zitumike kusoma karatasi yote. Swali la moli likionekana, lifanywe mapema, mkono ukiwa bado mwepesi, mlinganyo kwanza. Katika sehemu C mtahiniwa aweke alama kwenye mawili aliyoyachagua, asilitazame tena la tatu. Swali lolote la sehemu B lisiachwe tupu. Hata fomula iliyoandikwa vizuri au mlinganyo uliosawazishwa unaweza kumpa alama moja, na imekwisha kuelezwa alama moja ina uzito gani.

Matokeo ya kidato cha nne kwa kawaida hutangazwa mwezi Januari. Mwenye kufikisha D aangalie mwongozo wa udahili wa NACTVET mara utakapotoka, maana sifa za kozi na nafasi za vyuo husomwa humo, si kwa mawakala wanaozunguka mitaani wakiahidi nafasi. Asiyefikisha ajue kwamba usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka huo huo, na kadi zake themanini bado ni nzima. Zikae ndani ya kopo lililofunikwa vizuri, mbali na panya.